Tiketi ya Bi Sonsoles

Mimi ndiye nikataye tiketi pale Lango la Alcázar,
ndani ya kibanda cha kioo, chembamba
kama jeneza lililosimamishwa wima.
Miaka kumi na tisa nauza ukuta kwa vipande vya karatasi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tuishivyo Ávila.
Wao hupanda na kamera, sisi hubaki na chenji.

Huuliza yaleyale.
Minara ni mingapi? Themanini na saba, wengine husema nane.
Nani aliujenga? Woga, huwajibu moyoni;
mdomoni nawapa kijikaratasi.
Choo kiko wapi?
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mawe hulia usiku
baridi inapoyabana. Hulia. Nimeyasikia,
kama mtu asagaye meno usingizini.

Jana, theluji ya Februari ingali pembeni mwa ngazi,
akaja Bi Sonsoles Jimeno, jirani yangu,
fimbo kulia, mfuko wa mikate kushoto.
"Nipe moja."
Nikadhani utani.
Kazaliwa kivulini mwa ukuta huu,
kauanikia nepi za watoto watano,
miaka themanini na mmoja hajaukanyaga.
"Nani hulipa apande kichwani mwa mama yake?"
Hilo ndilo lililokuwa jibu lake siku zote.

Sikuuliza kilichombadilisha.
Nikatundika kibao, NARUDI PUNDE, nikamshika kiwiko.

Ngazi hizi zilikatwa kwa miguu ya askari,
si kwa magoti ya mwenye baridi yabisi.
Kila ya tano alisimama, akijifanya atazama mandhari,
na mbele ya pua yake pana ukuta mtupu.
Hapo ndipo alipoliona:
jiwe la kaburi, la Kirumi, limelazwa ubavu,
jina la mtu likisomeka nusu.
Waashi wa kale walikuwa na haraka,
waliokota wafu waliokuwa karibu.
Akavua glavu, akaligusa
kama mtu agusavyo paji la mtoto mwenye homa.
"Maskini," akasema. "Bado yuko kazini."

Juu, upepo wa milimani ukatupokea kwa makofi.
Korongo wamerudi, wanagonganisha midomo juu ya kanisa;
chini, mto Adaja ni ukanda wa bati;
tambarare inakwenda, inakwenda,
hadi inachoka kuwa nchi, inakuwa mbingu.
Wageni wote hutazama huko.
Yeye akaupa ulimwengu kisogo,
akatafuta paa lake.

Vigae viwili vimevunjika.
Shuka lililosahauliwa kambani
limekakamaa kwa barafu kama mlango.
Kiti cha marehemu Fulgencio kiko uani,
mguu mmoja juu ya tofali,
na paka asiye wake amekilalia, hana haya.

"Kumbe," akasema.
Muda ukapita.
"Kumbe walikuwa wakituona hivi.
Nikiosha miguu kwenye beseni. Nikimgombeza mzee wa watu.
Na siku ile alipoanguka pale, penye ndoo,
nikapiga kelele hadi sauti ikakauka,
nikasema mtaa mzima umelala, hakuna mtu.
Kumbe huku juu kulikuwa na watu."

Naikumbuka siku ile.
Jumamosi ya Agosti, jua kali.
Nilikata tiketi mia nne na kumi.

Sikumwambia.
Nikataka kumrudishia pesa zake, akanitazama
kama nimemtukana.
"Za nini? Nimeona."
Kipande cha tiketi akakitia kati ya mikate.

Leo nimepanda peke yangu kabla ya kufungua.
Shuka limeanuliwa. Vigae bado.
Paka yupo palepale,
ila kiti kimegeuzwa:
kinatazama huku juu.